Dawa ya deni ni kulipa, lakini dawa ya mwili inunuliwe kwanza

SWALI: Nina umri wa miaka 41. Miaka mitatu iliyopita niligundulika kuwa na baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili hushambulia viungo vyake yenyewe. Mwaka huu mwajiri wangu amenitoa kwenye ajira ya kudumu na sasa ananipa mikataba mifupi, kazi kwa kazi, hivyo kipato changu hupanda na kushuka. Nina mkopo wa benki, mkopo wa chama cha akiba na mikopo uliodhaminiwa na watu wawili niliofanya nao kazi, mikopo mitatu midogo ya siku 30 ambayo huihuisha kila mwezi, na deni la binamu yangu. Kuna taasisi imekubali kunipa mkopo mmoja mkubwa wa kufuta madeni yote isipokuwa la binamu, kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi na kwa muda wa miezi 36, mradi niweke hati ya nyumba. Mara mbili sasa nimeacha kununua dawa ili rejesho la benki litimie. Je, nichukue mkopo huo? Na je, niwaeleze wakopeshaji na mwajiri kwamba ninaumwa?

JIBU: Dada msomaji, pole kwa maumivu, na pole pia kwa usiku unaokesha ukipiga hesabu zisizokubali kutimia. Jibu la swali lako la kwanza ni hapana, usiuchukue mkopo huo, na nitakuonyesha kwa tarakimu kwa nini. Lakini kuna jambo uliloliandika kwa sentensi moja tu, kana kwamba ni dogo, nalo ndilo lililonishtua kuliko yote: umeacha kununua dawa mara mbili. Nitaanza na hilo, kwa sababu mpango wowote wa kulipa madeni unaosimama juu ya dozi zilizorukwa utaanguka kabla ya deni la kwanza kuisha.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na sina ugomvi nao. Hata hivyo, anayelipa ni mtu, na mtu huyo hulipa kwa mikono inayofanya kazi. Umeeleza kwamba dawa yako kuu ni methotreksati, ambayo kwa ugonjwa wako hutumiwa mara moja kwa wiki na huambatana na vipimo vya damu vya mara kwa mara ili daktari aone hali ya ini na chembe za damu. Dawa ya namna hiyo haifanyi kazi kama ya maumivu ya kichwa, ambayo humezwa asubuhi na kuleta nafuu mchana. Nafuu yake hujengeka polepole, mara nyingi kati ya wiki 6 na 12 tangu mgonjwa aanze. Kwa hiyo fedha ulizookoa kwa kuacha dawa mwezi mmoja si akiba, bali ni mkopo mwingine ulioukopa kutoka kwenye viungo vyako, na riba yake utaitozwa miezi miwili au mitatu baadaye, siku ambayo vidole vitakataa kushika kalamu na mkataba wa kazi utakupita. Tena kiungo kikishalika, hakirudi kuwa kama kilivyokuwa. Benki hulipisha adhabu ya ucheleweshaji, lakini adhabu hiyo ina kikomo na inaweza kujadiliwa.

Usijione kwamba umefanya jambo la ajabu au la aibu. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2003 kwamba hata katika nchi zilizoendelea ni takriban nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu wanaofuata matibabu yao inavyotakiwa, na gharama ni mojawapo ya sababu. Rudi kwa daktari, mwambie ukweli kwamba uliruka na sababu ni fedha, umwachie yeye aamue namna ya kuendelea. Usijirudishie dozi zilizopita kwa hesabu yako mwenyewe. Katika mazungumzo hayohayo muulize mambo matatu ya kifedha ambayo wagonjwa wengi huona haya kuuliza: kama dawa zako zote zinapatikana kwa jina la kiambato badala ya jina la kibiashara, kama anaweza kukuandikia za miezi miwili au mitatu kwa pamoja ili upunguze nauli na ada za kumwona, na kama kuna kipimo chochote katika orodha yako ambacho kinaweza kufanywa kwa nafasi kubwa zaidi bila kukuhatarisha.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Ulinitumia takwimu zako kamili, lakini kwa kulinda faragha yako nimeuita mshahara wako wa zamani mafungu 100, na kila tarakimu nitakayoitaja imepimwa kwa kipimo hicho. Kwa miezi sita iliyopita umepata 78, 74, 49, 80, 47 na 68. Jumla ni 396, wastani 66. Matumizi ya lazima ya nyumbani, baada ya wewe mwenyewe kuyakata hadi mfupa, ni 31. Dawa na vipimo, ukigawa gharama za mwaka kwa miezi, ni 9. Benki inakudai 300 na rejesho lake ni 22 kwa mwezi. Chama kinakudai 140 na rejesho ni 12. Mikopo mitatu midogo ni ya 10, 15 na 20, jumla 45. Binamu anakudai 60.

Jumlisha 31, 9, 22 na 12: ni 74 kila mwezi, ilhali wastani wa kipato ni 66. Kila mwezi unapungukiwa na 8, na kwa miezi sita ni 48. Ongeza ada za kuhuisha mikopo midogo, ambazo kwa karatasi ulizonitumia zimefika 9, unapata 57. Na 57 hiyo imetoka wapi? Ni 45 za mikopo midogo na 12 za akiba uliyoimaliza. Nimeirudia hesabu hii mara mbili kwa sababu katika barua yako umejilaumu kwamba huna nidhamu ya fedha. Hakuna fungu hata moja lililopotea kwa uzembe. Kipato kilishuka, marejesho yakabaki pale pale, na tofauti ikageuka kuwa madeni mapya.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu, na ni jambo nililojifunza kwa kukosea. Nilikaa miaka kadhaa nyuma ya dawati la mikopo kabla sijawa mshauri, na katika miaka hiyo nilimpangia mteja mmoja, fundi mwenye ugonjwa uliokuwa ukimjia na kumwacha, marejesho yaliyolingana na wastani wa kipato chake. Hesabu ilikuwa safi na mkuu wangu aliisifu. Mwezi wa tatu fundi alilazwa, rejesho likakosekana, adhabu ikaongezwa juu yake, na mwezi wa nne alipopona alikuwa anadaiwa marejesho mawili na nusu. Alipokuja ofisini alikuwa na bahasha ya dawa nusu tupu, na alinieleza, bila kulalamika, kwamba anakata vidonge katikati ili vifike mwisho wa mwezi. Wastani ule ulikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba hakuna mwezi hata mmoja alioishi ndani yake. Mgonjwa wa maradhi yanayopanda na kushuka huishi mwezi mzuri au mwezi mbaya. Marejesho yake yapimwe kwa mwezi mbaya, na mwezi mzuri utumike kulipa ziada kwa hiari.

Kwako mwezi mbaya ni kama 48. Ukitoa 31 za nyumbani na 9 za dawa, zinabaki 8. Hizo ndizo unazoweza kuahidi bila kusema uongo. Leo umeahidi 34, mbali na ada za mikopo midogo.

Ndiyo maana ule mkopo mkubwa unavutia: rejesho lake ni dogo kuliko jumla ya unayolipa sasa. Tuupekue. Ungekopa 485 kufuta benki, chama na mikopo midogo. Riba ya asilimia 2 kwa mwezi inaonekana ndogo, lakini katika karatasi uliyonitumia imeandikwa kwamba inakokotolewa juu ya mkopo wa awali, si juu ya salio linalopungua. Maana yake ni kwamba hata mwezi wa 35, ukiwa umebakiza deni dogo kabisa, utatozwa riba ya 9.7 kana kwamba bado unadaiwa 485 zote. Rejesho litakuwa 23.2 kwa mwezi, na riba yote ya miezi 36 itakuwa karibu 349. Ukiigeuza riba hiyo kuwa ya salio linalopungua, kama inavyokokotolewa na benki yako, inafika karibu asilimia 3.3 kwa mwezi. Benki yako inakutoza asilimia 1.5 na chama kinakutoza asilimia 1. Yaani ungechukua madeni yako mawili yenye riba nafuu, ambayo ndiyo makubwa, ukayahamishia kwenye riba iliyo zaidi ya maradufu, kwa ajili ya kuyaondoa madogo matatu. Ni kukopa harusi kulipa matanga.

Mbinu hii ya kutaja riba juu ya mkopo wa awali si kosa la kisheria kila mahali, ila msomaji yeyote aijue: mkopo wa miezi 12 unaotangazwa kwa asilimia 24 kwa mwaka kwa hesabu hiyo ni sawa na takriban asilimia 42 kwa hesabu ya salio linalopungua. Swali la kumuuliza afisa mikopo ni moja, nalo ni jumla ya fedha zitakazotoka mfukoni mwako tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na ada, bima na stempu. Afisa akianza kuzunguka, funga mkoba wako uondoke.

Kuna mambo mengine mawili yanayonifanya niukatae mkopo huo hata kama riba yake ingeshuka. La kwanza ni hati ya nyumba. Kwa sasa, ukishindwa kulipa, utasumbuliwa, utaaibishwa, pengine utashtakiwa, lakini hutalala nje, kwa kuwa hakuna deni lako hata moja lililofungwa kwenye nyumba hiyo. Mkopo mpya ungeyafunga yote humo kwa mara moja. Mtu ambaye kipato chake kinategemea kama viungo vitaamka salama asubuhi hapaswi kuiweka paa yake rehani kwa ajili ya mikopo ya siku 30.

La pili hujaliona, na wengi hawalioni. Mkopo wako wa benki uliuchukua miaka minne iliyopita, kabla hujagundulika kuwa na ugonjwa, na katika makato yake kuna bima ya mkopo. Bima za aina hiyo kwa kawaida hulipa salio mkopaji akifariki, na nyingi hulipa pia akipata ulemavu wa kudumu unaomzuia kufanya kazi. Baadhi hulipa marejesho ya miezi michache mkopaji akishindwa kufanya kazi kwa muda. Bima inayokatwa baada ya ugonjwa kujulikana mara nyingi huyatenga maradhi yaliyokuwapo tangu kabla. Kwa hiyo kuufunga mkopo wa zamani na kufungua mpya kunaweza kukuvua kinga ambayo huwezi tena kuinunua. Omba benki nakala ya masharti ya bima hiyo, si kipeperushi bali masharti yenyewe, na usome kipengele cha ulemavu, kipengele cha maradhi yanayotengwa na muda wa kutoa taarifa. Ukikuta neno usilolielewa, liulize kwa maandishi ili ujibiwe kwa maandishi.

Badala ya mkopo mpya, ninakushauri uipange upya mikopo uliyonayo. Nenda benki kabla hujakosa rejesho, kwa sababu mteja anayekuja mapema husikilizwa kwa sikio tofauti na anayeitwa. Hili nakuambia kama mtu aliyekuwa upande wa pili wa meza. Omba salio la 300 lisambazwe kwa miezi 36 kwa riba ileile. Rejesho litashuka kutoka 22 hadi karibu 11. Nisikufiche gharama yake: ukiendelea kulipa 22 ungemaliza katika miezi kama 15 au 16 na riba iliyobaki ingekuwa takriban 39, ilhali kwa miezi 36 itakuwa karibu 91. Unanunua nafasi ya kupumua kwa 52. Hata hivyo, hiyo ni bei ya juu kabisa, kwa kuwa kila fungu la ziada utakalolipa mwezi mzuri litaipunguza, mradi upate katika barua ya makubaliano masharti mawili: kwamba malipo ya ziada hayatozwi adhabu, na kwamba yanaingia moja kwa moja kwenye deni la msingi badala ya kuhesabiwa kuwa rejesho la mwezi ujao. Hakikisha pia kwamba bima ya zamani inaendelea, na uulize jinsi mabadiliko hayo yatakavyoandikwa kwenye kumbukumbu zako za mikopo. Benki ikikataa miezi 36, omba kipindi cha miezi mitatu cha kulipa riba tupu, ambayo kwa salio lako ni 4.5 kwa mwezi, halafu muzungumze upya.

Kwa chama, omba rejesho lishuke kutoka 12 hadi 6. Kwa riba ya asilimia 1 juu ya salio linalopungua utamaliza katika miezi kama 27, na riba yote itakuwa kama 20. Hapa kuna jambo la heshima ambalo ni zito kuliko riba: wadhamini wako wawili. Wameweka akiba yao nyuma ya jina lako. Wasisikie kwa katibu wa chama kwamba unaomba nafuu. Wafuate wewe mwenyewe, kabla ya kuandika barua, uwaonyeshe karatasi ya hesabu. Kwa uzoefu wangu, wadhamini husamehe sana ugonjwa wa mtu waliyemdhamini, ila hawasamehe kushtukizwa.

Benki na chama wakikubali, marejesho ya lazima yatakuwa 17. Bado yanazidi zile 8 za mwezi mbaya, kwa tofauti ya kama 9, na wakopeshaji hawatashuka zaidi ya hapo. Tofauti hiyo tutaijaza kwa mfuko ninaouita mfuko wa mwezi mbaya. Katika miezi sita uliyoniandikia, mibaya ilikuwa miwili, hivyo mfuko ukiwa na 18 unatosha kuivusha. Miezi minne mizuri, baada ya kutoa nyumba, dawa na marejesho mapya, ingekuachia 21, 17, 23 na 11.

Wahesabuji wakali watanipinga kwamba ni upumbavu kuweka 18 kibindoni ilhali una mikopo inayokutoza asilimia 8 kila siku 30. Kwa karatasi wana haki: 45 kwa ada hiyo ni 3.6 kwa mwezi, na ukiihuisha mwaka mzima utakuwa umelipa 43 na bado unadaiwa 45 zilezile. Ni deni baya kuliko yote uliyo nayo. Lakini mfuko ukiwa mtupu, mwezi mbaya wa kwanza utakurudisha kwa haohao wa siku 30, au utaruka dawa, na tumekwisha kuona mwisho wake. Ninashikilia kwamba mfuko ujae kwanza, kisha kila kinachobaki kiende kwenye mikopo midogo, ukianza na ule wa 10. Kwa kuwa yote mitatu ina ada sawa, hakuna hasara kuanza na mdogo, na kuna faida ya kupunguza idadi ya watu wanaokupigia simu.

Nimeyapitisha mapato yako ya miezi sita katika mpango huu, mwezi kwa mwezi, kana kwamba yatajirudia kwa mfuatano uleule. Mwezi wa kwanza unalipa ada 3.6 na mfuko unapata 17.4. Mwezi wa pili mfuko unajaa na mkopo wa 10 unafungwa. Mwezi wa tatu ni mbaya: unachota mfukoni bila kumpigia mtu yeyote simu. Mwezi wa nane mkopo wa mwisho wa siku 30 unafungwa, na ada zote ulizolipa hadi hapo ni kama 18. Ukijumlisha ada hizo na riba ya benki na ya chama, mpango wote unakugharimu takriban 130, dhidi ya 349 za ule mkopo mkubwa. Miezi yako haitafuata mfuatano huo, hilo nalijua. Ikija mibaya mitatu mfululizo mfuko utaisha, na hapo utarudi benki kuomba riba tupu kabla ya tarehe ya rejesho, si baada yake.

Nimefika kwenye swali lako la pili. Wakopeshaji waambie, kwa maandishi, lakini waambie kinachowahusu. Hawahitaji historia ya viungo vyako. Wanahitaji barua ya daktari yenye sentensi mbili tatu: kwamba uko chini ya matibabu ya muda mrefu, kwamba uwezo wako wa kufanya kazi hubadilika kwa vipindi, na kwamba matibabu yanaendelea. Ambatisha jedwali la mapato ya miezi sita na ombi lenye tarakimu. Ombi lisilo na tarakimu hujibiwa kwa pole. Lenye tarakimu hujibiwa kwa ndiyo, hapana au kiasi kingine, na yote matatu yanakusogeza mbele.

Kwa mwajiri tahadhari ni kubwa zaidi. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unasema kwamba kutokuwapo kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unahesabu kunyimwa marekebisho yanayofaa kuwa ni ubaguzi. Si kila nchi imeridhia mikataba hiyo, wala si kila nchi iliyoridhia inaitekeleza vizuri, hivyo kabla ya kusema lolote muulize mwanasheria wa kazi au chama cha wafanyakazi mambo mawili: sheria ya kwako inamlindaje mtu wa mikataba mifupi, na kama kuondolewa kwako kwenye ajira ya kudumu kulifuata utaratibu na stahiki zako zote zililipwa. Hili la stahiki lifuatilie upesi, maana madai ya kazi huwa na muda wa kufunguliwa, na muda huo mara nyingi ni mfupi. Zikilipwa, zijaze mfuko kwanza na kufunga mikopo ya siku 30. Zisiishie benki zote kwa sababu tu benki ndiyo yenye deni kubwa.

Ukishaamua kuzungumza na mwajiri, zungumza kuhusu kazi badala ya maradhi. Sema, kwa mfano, kwamba viungo hukaza asubuhi na kwamba ukianza saa nne badala ya saa mbili unatoa kazi ileile. Au kwamba kazi ya wiki moja ukipewa siku kumi utaifikisha hata ukipata siku mbaya katikati. Jadili pia namna ya kulipwa. Mikataba ya kazi kwa kazi haina likizo ya ugonjwa, hivyo bei yako lazima ibebe siku utakazolala. Wakikubali kukulipa kiasi kisichobadilika kila mwezi kwa idadi maalumu ya kazi, kipokee hata kama jumla yake iko chini kidogo ya unachopata sasa; mimi binafsi ningechagua 63 zisizoyumba kuliko wastani wa 66 unaoruka kati ya 47 na 80.

Jambo dogo kuhusu gharama za tiba. Kipimo kilichotumika kwa miaka mingi katika Malengo ya Maendeleo Endelevu kilihesabu kuwa kaya imebebeshwa mzigo mkubwa pale matumizi ya afya kutoka mfukoni yanapozidi asilimia 10 ya matumizi au kipato chake. Zako ni 9 kati ya 66, karibu asilimia 14. Kwa hiyo, ulipotoka kwenye ajira ya kudumu, kama ulipoteza bima ya afya ya kazini, kuitafuta nyingine kuna thamani kuliko kukata fungu jingine kwenye chakula. Angalia muda wa kusubiri na masharti ya maradhi ya awali kabla hujalipa mchango wa kwanza.

Nimeliacha deni la binamu hadi mwisho kwa sababu halina riba, na kwa sababu ndilo linalokuumiza zaidi. Umelitaja mara nne katika barua yako. Usimlipe sasa kwa fedha za mfuko wala kwa fedha za dawa ili upate kumtazama usoni. Baada ya mwezi wa nane, kwa mapato kama ya sasa, utakuwa na ziada ya wastani wa 9 kwa mwezi. Nashauri 6 ziende kupunguza deni la msingi la benki na 3 ziende kwake, ambazo zitamaliza 60 zake katika miezi 20. Mwandikie leo, usisubiri fedha zipatikane, na umtajie tarehe ya kuanza unayoiweza badala ya tarehe ya kumaliza usiyoijua: "Deni lako sijalisahau. Nimepanga upya mikopo yangu yote, na yenye ada kali itaisha baada ya kama miezi minane. Mwezi wa tisa nitaanza kukuletea kidogo kidogo kila mwezi. Nikipata mwezi mbaya, nitakupigia mimi kabla hujaniuliza."